Mlango Uliofungwa Mara Tatu

Mabwawa ya Chumvi,
14 Mei

Mume wangu mwenye kamera,

Kwanza salamu, kabla hujakimbilia shughuli zako. Mimi nipo, ila magoti yangu ni kama wapangaji wabaya: yanapiga kelele kila asubuhi na kuhama hayataki. Mjomba wako mzima huko mjini kwake. Mkewe kajifungua tena, wa kike, na sasa wako saba kwenye vyumba viwili, naye anasema watoto ni baraka. Mimi nimenyamaza. Kinyozi anauliza filamu yake imefikia wapi. Tangu umvalishe ile tai na kumwambia awe afisa amekuwa na maringo, ukikaa kwenye kiti chake anakuangalia kama umekwenda kuomba kibali.

Usinipigie simu. Simu yangu haishiki mpaka nipande juu ya tuta la bwawa la tatu, na nikiwa huko juu kila mtu anajua mambo yangu. Halafu sikukaa miaka miwili darasa la watu wazima, babu yako akinicheka, ili leo niwe wa kubonyezabonyeza. Andika. Dereva wa basi anabeba barua bure, akikumbuka.

Haya, habari yenyewe. Watu wa mradi wa bandari wamekuja kutuhesabu. Nyumba arobaini na sita, kila moja wameipaka namba nyekundu ukutani. Yangu ni thelathini na moja. Aliyewaongoza ni yule tunayemwita Bwana Makazi, maana hawezi kumaliza sentensi bila kusema "makazi mapya". Anasema kila aliyehesabiwa atapewa kiwanja kule juu ng'ambo ya barabara, wote mstari mmoja, jirani na jirani yake. Na mwenye kiwanja atabaki na nafasi kwenye mabwawa mawili ya mwisho, hayo hawatayafukia. Asiye na kiwanja hana bwawa.

Unajua mimi sitaki kuhama. Lakini malori yameshamwaga kifusi mabwawa manne, vumbi jekundu linatua kwenye maji, na chumvi nyekundu hainunuliwi na mtu. Nimepiga hesabu zangu za kizee. Nikiwa na kiwanja karibu na hawa wambea wangu, na bwawa la kukwangua asubuhi, nitakufa nikiwa mtu. Zaidi ya hapo sitaki kitu.

Mambo mawili nakuomba. Tuletee hiyo filamu, watu wanataka kujiona. Na unirudishie ufunguo wangu. Uliondoka kwenye begi lenu la vifaa siku ile ulipokuwa unanirudisha ndani, "Bibi, rudia, Bibi, rudia," kama ng'ombe aliyekosa zizi. Tangu hapo mlango naufunga kwa waya.

Mkeo mzee,
Bibi


2 Juni

Mke wangu wa kwanza, na mpaka sasa wa pekee,

Barua yako nimeisomea ngazini nikacheka peke yangu, mwenye nyumba akadhani nimerukwa na akili. Magoti yasikutie unyonge, mwambie Mjomba akutafutie ile dawa ya kuchua. Mimi mzima. Bado napanga chumba kile juu ya kiwanda cha kuchapa kadi, mashine ikiwaka chini meza yangu inatembea. Mshika sauti anakusalimu, hajasahau ulivyomfukuza kwenye bwawa na viatu vyake. Mhariri naye anasema uso wako amekaa nao miezi mitatu, anakujua kuliko mama yake.

Bibi, tumeshinda! Filamu yetu ndogo, ya watu watatu na kamera ya kuazima, imepewa tuzo ya filamu ya kweli bora ya mwaka. Inaanza na kioo cheusi na maneno meupe: "Katika filamu hii hakuna mwigizaji hata mmoja. Kila unachokiona kilitokea." Mhariri alisema yasizidi mistari miwili, nikaandika hivyo. Majaji walisema ni maneno hayo yaliyowashika. Halafu ile sehemu ya mwisho, unapofunga mlango na kumkabidhi Kinyozi ufunguo, chini tumeandika tu: "Februari. Nyumba ya mwisho inafungwa." Ukumbi ulisimama. Kuna mama mmoja alilia mpaka akatolewa nje.

Ufunguo ninao, usiwe na wasiwasi. Nilipanda nao jukwaani nikauinua juu. Nilitaka nikutumie na barua hii, lakini wiki ijayo tunaonyesha chuoni na wameomba niende nao tena. Nitautuma baadaye.

Kubwa kuliko yote, kuna taasisi imekubali kutupa kamera na mwaka mzima wa kazi kwa filamu ya pili. Mwaka mzima, Bibi! Mshika sauti ameshaacha kazi yake ya dukani.

Filamu nimeweka kwenye flashi, iko ndani ya bahasha, nimeifunga kwenye soksi isivunjike. Soksi ni safi.

Mumeo asiye na mahari,
Mjukuu


Mabwawa ya Chumvi,
27 Juni

Mume wangu,

Hongera kwa tuzo. Soksi ilikuwa na tundu kidoleni, umekosa mke kweli wewe. Huku wazima, isipokuwa mtoto wa Mjomba anakohoa, na jirani wa nyumba thelathini ameteguka mkono akishusha viroba vya chumvi. Mimi mwenyewe leo si mzima. Utaelewa.

Flashi ilipofika nilijipeleka mwenyewe ofisi ya mradi. Mimi na miguu yangu. Nikamwomba Bwana Makazi atuazime projekta, nikamwambia mjukuu wangu ametutengenezea filamu. Akakubali vizuri tu, akasema na yeye atakuja. Tukaingia darasani shuleni mchana, madirisha tumeyaziba kwa viroba. Watu walivyofurahi! Kila sura ikitokea, kelele. Mama wa nyumba ya tano alijiona anakwangua chumvi amepinda mgongo, akasema, "Kumbe ndiyo mimi huyu? Nimezeeka jamani." Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kinyozi alipotokea na tai yake walimpigia makofi akasimama akainama kama mheshimiwa.

Bwana Makazi alikuwa mbele. Hakucheka. Nilipompa Kinyozi ufunguo pale kwenye jiwe la mbele ya nyumba, nilimwona ametoa kidaftari anaandika. Nikajisema, labda na yeye imemgusa.

Jumatatu wakabandika orodha mlangoni kwa mwenyekiti. Nimeisoma mara nne kwa kidole. Thelathini, thelathini na mbili. Mimi simo.

Nikaenda kwake. Akaniambia kwa upole, "Mama, wewe ulihama kwa hiari mwezi wa pili na ufunguo ukakabidhi. Hesabu ilikuwa mwezi wa tano. Ulirudi uliposikia kuna viwanja, na wengi wanafanya hivyo, sikulaumu." Nikamwambia ile ni filamu! Mjukuu wangu aliniambia funga nikafunga, na nilifunga mara tatu, mara ya kwanza nilicheka kwa sababu Kinyozi alisahau kitana mfukoni, mara ya pili likapita lori. Akasema, "Mama, filamu yenyewe imesema hakuna mwigizaji. Mjukuu wako ameandika kwa mkono wake. Nimwamini nani?"

Nikasema majirani wote wanajua sijatoka siku hata moja. Akasema majirani ni watu wangu, watanitetea tu.

Kwa hiyo kazi ni ndogo, mume wangu. Chukua karatasi, andika: Bibi yangu hakuhama, nilimwigizisha. Tia sahihi, tuma. Basi. Pingamizi zinapokelewa mpaka tarehe kumi na tano Septemba. Mimi naona wiki moja inatosha, ila huyu dereva wetu ni msahaulifu, kwa hiyo fanya leo leo.

Ufunguo usiusahau.

Bibi


9 Agosti

Mke wangu mpenzi,

Nisamehe kwa kukawia. Barua yako ilinikuta safarini, halafu nikapata mafua, halafu meza ikahamishwa. Mtoto wa Mjomba kikohozi kimepona? Nimemwambia mshika sauti habari za jirani wa mkono, amesikitika sana.

Tumeonyesha filamu miji mitatu. Kila tunapokwenda watu wanauliza habari zako. Wanataka kujua uko wapi sasa, unaishije baada ya kuondoka. Mzee mmoja alinipa kitambaa cha kichwa nikuletee, cha bluu, kizuri. Filamu inafanya kazi yake, Bibi. Watu ambao hawajawahi kuona bwawa la chumvi sasa wanajua kuna watu wanatolewa kwenye mabwawa. Mimi naamini hilo litawasaidia wote huko, pengine kuliko kiwanja kimoja kimoja.

Kuhusu lile jambo, nimelifikiria. Nimeandika barua kwa ofisi, imo humu ndani, mpelekee Bwana Makazi. Nimeiandika kitaalamu ili waiheshimu. Nina hakika wakiisoma kwa makini wataelewa.

Unajua kuna mambo ya hii kazi ambayo si rahisi kueleza kwa barua. Ukiwa na kamera, mstari kati ya kutokea na kutokezwa ni mwembamba. Wewe ulifunga mlango kweli. Hilo lilitokea. Machozi yako yalikuwa ya kweli, nayo ndiyo yaliyowaliza watu. Sijui kama mtu anaweza kusimama na kusema yale yalikuwa uongo.

Kinyozi si yupo? Kwa nini asiende yeye akaeleza?

Jitunze. Usipande tuta na hayo magoti.

Mumeo,
Mjukuu


Mabwawa ya Chumvi,
25 Agosti

Mjukuu,

Salamu. Kikohozi kimepona. Mkono wa jirani bado.

Barua yako ya kitaalamu nimempelekea. Alinikalisha, akaisoma kwa sauti, pole pole, mpaka mwisho. "Filamu ni kazi ya sanaa yenye tafsiri nyingi. Msanii hufinyanga hali halisi ili kuufikia ukweli ulio ndani zaidi." Sijui nini, sijui nini, ukurasa mzima. Alipomaliza akaigeuza kuangalia nyuma kama kuna kitu kingine. Akaniuliza, "Mama, hapa anasema ndiyo au anasema hapana?" Nikamwambia sijui. Aibu niliyoiona, mimi niliyejigamba kijiji kizima kwamba mjukuu wangu anaandika.

Unauliza Kinyozi kwa nini asiende. Alikwenda. Alikwenda siku ile ile orodha ilipotoka, wala sikumtuma. Akawaambia, "Mimi ndiye niliyekuwa afisa, tai ni ya mwalimu, mimi nanyoa watu." Wakamwambia, "Kumbe ulijifanya mtumishi wa mradi ukapokea ufunguo wa mtu? Hilo ni kosa, na nyumba yako namba kumi na nane bado hatujaipitisha." Ana mke na mama mgonjwa. Tangu siku hiyo nikipita kibandani kwake anageukia kioo. Simlaumu. Wewe nakulaumu.

Na machozi usiyaguse. Ulisahau? Mara ya tatu uliniambia, "Bibi, ukiweza kulia, lia." Nikajaribu nikashindwa, nalilia nini na nyumba yangu hiyo, chai yangu iko jikoni inachemka? Nikaweka mkono kwenye mlango, nikakuibia jicho nikaona wewe unalia nyuma ya kamera. Mtoto niliyemlea mimi toka mama yake azikwe, analia. Ndipo nikalia. Nilikuwa nakusindikiza tu. Machozi yalikuwa yako, ukayabeba ukaenda kuyapokelea tuzo.

Unasema watu wanauliza naishije baada ya kuondoka. Sijaondoka! Niko hapa. Ningali nakwangua, mgongo ningali nao. Leo asubuhi bwawa la mwisho lilivaa ngozi nyeupe vizuri kabisa, vumbi halikuja, nikatoa viroba viwili kwa reki ya babu yako. Waambie hivyo hao watu wako wanaolia.

Nitakuambia na hili, ingawa sikutaka. Wasipokipitisha kiwanja nitakwenda kwa Mjomba. Kusema ukweli nitalala kwenye kochi, sebuleni, watoto wakiangalia katuni juu ya miguu yangu. Hakuna bahari, hakuna mtu wa kutaniana naye, hakuna kazi. Mkewe ni mwema lakini wema una siku zake. Nimeogopa vitu vichache maishani mwangu, kochi lile naliogopa.

Tarehe kumi na tano. Andika ndiyo. Sitaki kitambaa.

Bibi


11 Septemba

Bibi yangu,

Sina salamu za kuzungusha. Nina afya, sina raha.

Nitakuambia kila kitu. Barua yako ya Juni haikunikuta safarini. Nilikuwa chumbani, niliipokea siku ya tatu tu tangu uiandike, dereva wa basi kwa mara ya kwanza maishani mwake alifanya haraka. Niliisoma nikaiweka chini ya godoro. Wiki sita niliilalia.

Niliogopa. Tuzo ile ni ya filamu ya kweli, nikisema mwisho wake niliutunga, wanaichukua, na taasisi inaondoka na kamera yake, na mshika sauti hana tena kazi dukani, na mimi nitaitwa mwongo katika kila ukumbi nitakaoingia. Nilijiambia utahesabiwa tu, majirani watakusaidia, Bwana Makazi ataona aibu. Nilijiambia bibi yangu hajawahi kushindwa na mtu. Ni uzembe wa kukupenda, kukuona wewe ni ukuta ambao hauanguki.

Na yale maneno, "hakuna mwigizaji", sikuyaandika kwa hila. Nilikuwa nimewaangalia mkifanya kazi miezi miwili, nikaona hakuna anayejifanya. Nikasahau kwamba mimi ndiye niliyekuwa najifanya. Nilitaka kuonyesha mwisho kabla haujafika, ili watu wauzuie. Nikautengeneza kwa mkono wangu, halafu wameuchukua kama ulivyo.

Barua ya ofisi iko humu. Safari hii ni mistari minne, unaweza kuisoma mwenyewe:

"Mimi niliyeongoza filamu hii nakiri kwamba bibi yangu, wa nyumba namba 31, hakuhama Februari wala mwezi mwingine wowote. Nilimwomba afunge mlango ili nimpige picha. Aliyepokea ufunguo ni kinyozi, naye nilimwomba mimi. Maneno ya mwanzo wa filamu si kweli."

Nimetia sahihi. Nimeweka na ufunguo wako.

Mjukuu

20 Septemba. Bibi, barua hii niliiandika tarehe hiyo hapo juu. Niliibeba mpaka kituo cha basi nikarudi nayo. Siku iliyofuata tena nikarudi nayo. Siwezi kukueleza. Tarehe kumi na tano imenipita nikiwa nimekaa kitandani naiangalia bahasha. Leo naituma. Usinisamehe haraka.


Kwa Mjomba wako,
6 Oktoba

Mjukuu wangu,

Nimejaribu kuanza na "mume wangu" kalamu ikakataa. Mjomba anakusalimu, mkewe pia. Watoto wako shule, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika, meza ni ile ile ya televisheni. Kile kichanga kimeanza kucheka, kinanicheka mimi. Magoti afadhali, hayana kazi tena.

Barua yako ililetwa huku na dereva tarehe mbili. Nimeisoma yote, na zile siku ulizokwenda kituoni ukarudi. Mistari minne ni mizuri. Sikujua unaweza kuandika kwa kifupi hivyo.

Niliipeleka ofisini ingawa nilijua siku zimepita. Nauli ya kwenda na kurudi alinipa Mjomba. Bwana Makazi akaisoma, akaniangalia kwa huruma, sikudanganyi, kwa huruma kabisa. Akasema, "Mama, kwanza aliandika hakuna mwigizaji. Halafu akaandika sanaa. Sasa anaandika hivi. Na mwezi ujao?" Akaitoboa tundu mbili akaiweka kwenye faili. Akaniambia kiwanja cha thelathini na moja hakipo, wameunganisha mstari, thelathini sasa inapakana na thelathini na mbili.

Filamu yako usiifiche wala usiitupe. Babu yako yumo, ule mfereji alioupiga kwa jembe unaonekana vizuri jua likiupiga, na mabwawa yote sita yana maji. Manne hayapo tena. Yale maneno ya mwanzo ndiyo uyafute. Kama umepokonywa tuzo usinieleze, na kama hukupokonywa pia usinieleze.

Sasa nikuambie siku yenyewe, halafu tusiizungumze tena. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi. Mashine ya kubomolea ilisimama kwenye tuta inanguruma. Walikuja vijana watatu wa mradi, wana adabu zao, wakanitolea kitanda, ndoo, reki, mmoja akanibebea mpaka kandambili. Nilikuwa nimewaandalia maneno makali ya kuwaambia tangu juzi yake. Yote yaliniishia. Wakasema, "Bibi, toka sasa."

Nikatoka. Miguu yenyewe ilijua njia. Nikauvuta mlango taratibu, kama ulivyonifundisha. Nikazungusha mkono pale kwenye tundu la ufunguo, sina kitu mkononi, ufunguo wangu ulikuwa bado njiani ndani ya bahasha yako. Nikaweka kiganja kwenye ubao nikahesabu mpaka tano. Sikuangalia pembeni. Wala sikulia, safari hii hapakuwa na wa kunianzia. Nikatembea mpaka kwenye jiwe. Kinyozi alikuwa pale pale, amekuja kunisaidia kubeba, akanyoosha mkono halafu akakumbuka, akaurudisha. Sikuwa na cha kumpa.

Nikasimama kwenye jiwe. Nikasimama sana. Mashine ikasogea, yule kijana wa kandambili akaja akanishika bega akaniuliza, "Bibi, unangoja nini?"

Niliona haya kumwambia. Nilikuwa nangoja mtu aseme, "Bibi, rudia," nifungue mlango niingie ndani.

Bibi yako